Laptopu kuukuu mbili mezani, nataka kuweka Linux: nitajuaje kabla ya kutoa hela?

#1 Nyuzi90

Wakuu, salaam. Naomba mnisaidie kabla sijafanya jambo la kujutia.

Kuna jamaa anauza laptopu mbili za mtumba na nimemuahidi jibu wikiendi hii. Ya kwanza ni nzito, zile za kiofisi, bawaba za chuma. Nilipoingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka) ikaandika i5-2520M, RAM 4 GB, diski ya kuzunguka ya 320 GB. Ya pili ni kadude kadogo, kepesi, hakana hata feni, kanang'aa utadhani kametoka boksini jana: Atom Z3735F, RAM 2 GB, hifadhi 32 GB. Bei zao haziachani sana, na moyo wangu uko kwa hako kadogo.

Matumizi: kuandika, barua pepe, kuperuzi, video, na nimeanza kujifunza Python. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 haizitaki zote mbili, kwa hiyo ni Linux tu.

Kinachonichanganya ni hiki. Nimetafuta modeli ya ile kubwa mtandaoni. Mmoja anasema "inapiga kazi safi kabisa". Mwingine anasema "WiFi imegoma, nimeirudisha". Modeli ileile, herufi kwa herufi. Nimwamini nani?

#2 Mchanja_Mbuga

Linux inaingia hata kwenye jiwe mkuu. Chukua kadogo, weka Ubuntu, lala usingizi.

#3 DadaTerminal

Mchanja_Mbuga unamsukuma mwenzio shimoni huku unacheka. Hako kadogo ndiko kenye mtego. Niko kazini, nikitulia nitaeleza. Nyuzi90, mkono usiingie mfukoni kwanza.

#4 Bisibisi

Hao wawili wa mtandaoni yawezekana wote wanasema kweli. Jina la modeli ni jina la ganda. Kiwanda kinatoa ganda moja, halafu ndani kinapachika kadi ya WiFi kutegemea aliyeagiza alilipia nini, au ghala lilikuwa na nini mwezi ule. Mmoja akapata WiFi ya Intel, mwingine ya Broadcom, na wote wanaiita laptopu yao kwa jina lilelile.

Linux haijui laptopu yako inaitwaje, wala haina haja. Inachosoma ni namba. Kila kifaa cha PCI (kilichofungwa ndani) au USB kimebeba namba mbili: ya aliyekitengeneza na ya kifaa chenyewe, kila moja tarakimu nne (0 mpaka 9, halafu a mpaka f). Kila draiva (programu inayoendesha kifaa) ndani ya kerneli (kiini cha mfumo) nayo ina orodha ya namba inazozifahamu. Mashine ikiwaka, kerneli inasoma namba za kifaa, inapitia orodha, ikikuta inayolingana inampa draiva kazi. Isipokuta, kifaa kinabaki pale kama mgeni aliyekosa mwenyeji.

Kwa hiyo usiulize "laptopu hii inakubali Linux?" Uliza "humu ndani mna namba gani?" Andaa flashi yenye Linux ya kujaribu, ile inayowaka bila kugusa diski, iwashe laptopu nayo, fungua terminali uandike:

`lspci -nnk`

Utapata kitu cha namna hii:

`00:19.0 Ethernet controller [0200]: Intel Corporation 82579LM Gigabit Network Connection [8086:1502]`
`Kernel driver in use: e1000e`
`Kernel modules: e1000e`

Mabano ya mwisho, 8086:1502, ndiyo namba zenyewe. 8086 ni Intel (walijichagulia jina la prosesa yao ya 1978, mimi hutabasamu kila nikiiona). Mstari wa "driver in use" ukiwepo, kifaa kimeshapata mwenyeji. Kukiwa na "Kernel modules" peke yake bila huo, draiva inamjua huyo kifaa ila kuna kitu kimemkwamisha. Pasipokuwa na hata mmoja, hapo ndipo uanze kuuliza maswali. Msishtuke tu na vitu vya ndani ya bodi kama "Host bridge" visivyo na draiva, vingi havihitaji.

Kwa vya USB (kamera, Bluetooth, kisoma alama za vidole) amri ni `lsusb`. Namba zipo palepale baada ya neno ID.

Namba za watengenezaji utakaokutana nao sana: 10de ni NVIDIA, 1002 ni AMD na ATI ya zamani, 10ec Realtek, 168c Atheros, 14e4 Broadcom. Kwa WiFi za miaka ile, ukiona 168c yenye draiva ya ath9k furahi, kadi zake za PCI hazidai hata faili la ziada. 8086 nayo ni amani, ila inataka famweya, yaani kiprogramu kinachopakiwa ndani ya chipu yenyewe kabla haijaanza kazi. 14e4 simama usome. 14e4:4727 ina draiva huru ndani ya kerneli, kwa sababu Broadcom walitoa draiva huria ya baadhi ya chipu zao mwaka 2010. 14e4:4315 inategemea b43, na famweya ya b43 haigawiwi pamoja na mfumo kwa sababu ya leseni, inabidi uivute mtandaoni. Yaani unahitaji intaneti ili upate intaneti. Siyo mwisho wa dunia, simu yenye waya wa USB inakuvusha, ila ujue mapema.

#5 Nyuzi90

Aisee, sikuwahi kuelezwa hivi. Bisibisi ubarikiwe.

Shida yangu ni muda. Jamaa ananipa dakika kama ishirini na amesimama pembeni anatazama saa. Nianze na nini?

#6 Bisibisi

Anza na BIOS. Ikikudai nenosiri na muuzaji halijui, shukuru uondoke. Bila BIOS huwezi kubadili mpangilio wa kuwaka, na kwenye laptopu za kiofisi nenosiri hilo halifutiki kwa kutoa betri ndogo ya bodi kama watu wanavyodanganyana.

Halafu washa flashi. Toa `lspci -nnk` na `lsusb`, piga picha kwa simu, usianze kusoma pale. Utasoma nyumbani, na hapa tutakusaidia. Muda uliobaki tumia mikono: gusa kila kitufe cha kibodi, chomeka flashi nyingine kwenye kila tundu la USB, cheza sauti, fungua kamera. Kamera mara chache hukuangusha, nyingi zinafuata kiwango cha UVC na kerneli ina draiva yake tangu 2008.

Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu kompyuta, usome jina la kadi ya michoro. Likitokea neno `llvmpipe`, maana yake hakuna kadi inayochora, prosesa ndiyo inabeba mzigo wote. Hapo madirisha yatakwenda kwa kuburuta miguu.

Mwisho funika mfuniko, hesabu mpaka ishirini, funua. Rudia mara tatu. Kulala siyo shida, shida ni kuamka.

#7 Asiyeamini

Mimi na flashi za kujaribu hatupatani. Nitasema kwa nini, ila kwanza kisa kinachounga mkono Bisibisi.

Niliwahi kutaka kidude cha WiFi cha USB. Rafiki yangu alikuwa nacho, kwake kinachomekwa na kufanya kazi papo hapo. Nikanunua kilekile: kampuni ileile (siitaji), jina lilelile, mpaka picha ya kwenye boksi. Kikagoma. Nimekaa siku mbili nabadili Linux moja baada ya nyingine nikidhani kosa ni langu. Siku ya tatu ndiyo nikaweka vyote viwili mezani, nikageuza. Nyuma ya chake kumeandikwa V1, nyuma ya changu V2, kwa maandishi ambayo mzee lazima avae miwani. `lsusb` kwenye chake: 0cf3:9271. Kwenye changu: namba inayoanzia na 0bda. Chipu mbili za watengenezaji wawili tofauti, ndani ya ganda moja.

Ndiyo maana siku hizi nikiambiwa "chukua modeli fulani, inafanya kazi" namuuliza mtu namba. Hana namba, hana ushauri.

Sasa kuhusu flashi. Inapokwambia "inafanya kazi" inakwambia kwa siku hiyo, kwa kerneli hiyo. Haikwambii mashine itavumilia saa tatu za kazi au itachemka na kuzima. Haikwambii diski inakufa, kwa sababu flashi haiigusi diski. Watu wanajaribu dakika kumi, wanaona eneokazi zuri, wanatoa hela.

#8 Bisibisi

Kwenye diski uko sahihi kabisa, niliisahau. Nyuzi90 ongeza hii: ukiwa kwenye flashi fungua programu ya Disks, chagua diski ya ndani, fungua taarifa za SMART (diski inavyojiripoti afya yake). Tazama "Reallocated", "Pending" na "Power-On Hours". Hiyo inasomeka bila kusakinisha chochote.

#9 DadaTerminal

Nimetulia sasa. Hadithi ya kadogo.

Z3735F ni ya 2014. i5-2520M ni ya 2011. Ukihesabu miaka tu, utasema kadogo ndiko bora. Hapa ndipo wengi wanapoteleza.

Prosesa ya Z3735F ni ya biti 64. Lakini mashine nyingi zilizotengenezwa nayo ziliwekewa UEFI (BIOS ya kisasa) ya biti 32, na UEFI ya biti 32 inatafuta kwenye flashi faili liitwalo `bootia32.efi`. Flashi nyingi za Linux ya biti 64 zina `bootx64.efi` peke yake. Basi unachomeka flashi, unafungua menyu ya kuwaka, flashi haipo. Siyo kwamba inagoma na kutoa kosa, haionekani kabisa. Mtu anabadili flashi tatu, anabadili tundu, anaamini mashine ni mbovu. Debian ni kati ya mifumo inayobeba faili hilo, na ukilipata mashine inawaka na kuendesha mfumo wa biti 64 kama kawaida.

Tuseme umevuka. Sasa sauti: kwenye chipu hizo haipiti njia ya kawaida ya HDA ambayo laptopu nyingi zinatumia, inapitia mfumo mwingine unaohitaji mipangilio ya kila bodi. WiFi yake mara nyingi imeunganishwa kwa SDIO, njia isiyo ya PCI, kwa hiyo hata `lspci` haitakuonyesha. RAM ya 2 GB imeunganishwa kwa risasi, haiongezeki maisha yake yote. Hifadhi ya 32 GB ni eMMC (chipu ya hifadhi), nayo imeunganishwa kwa risasi. Fungua kivinjari chenye vichupo sita uone.

Ile nzito ina nafasi mbili za RAM na prosesa yake inapokea mpaka GB 16 za DDR3. Diski unaitoa kwa kulegeza skrubu, unaweka SSD ya SATA. Ina AES (amri za kusimba data) ndani ya prosesa, kwa hiyo ukifunga diski kwa siri hutaona kasi ikishuka. Grafiki yake ni ya Intel yenye draiva huru.

Mimi ningechukua nzito hata kama bei zingelingana.

#10 Mchanja_Mbuga

Dada umeua. Nafuta kauli. Jiwe lenye UEFI ya biti 32 halikubali Linux.

#11 DadaTerminal

Linakubali, ila litakula wikiendi yako 😄

#12 FundiMstaafu

Vijana shikamoo zenu nimezipokea hata kama hamjatoa. Nina kompyuta ya mezani ya siku nyingi, Pentium 4. Nilijaribu kuweka Debian mpya, ikaniambia kerneli inataka prosesa ya x86-64, yaani ya biti 64. Nimekatika. Hii nayo ni taka?

#13 DadaTerminal

Shikamoo mzee, na utusamehe.

Siyo taka, ila mlango umepungua upana. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi wala kerneli ya biti 32 kwa mashine kama yako. Debian 12 bado inayo, na matengenezo yake ya muda mrefu yanaishia Juni 2028. Kabla ya kuamua, washa Linux yoyote ya zamani uliyonayo uandike:

`grep -w lm /proc/cpuinfo`

Herufi hizo mbili, lm, zikitokea, prosesa yako inaweza biti 64. Pentium 4 za mwishomwisho zilikuwa nazo. Ila ujumbe uliouona unaashiria yako haina.

Na nikiruhusiwa kusema kama mwanao: Pentium 4 inakula umeme na kutoa joto kuliko kazi inayofanya. Kwa kumbukumbu na kuchezea, sawa. Kwa kazi za kila siku, hata ile nzito ya Nyuzi90 itaiacha mbali huku ikinong'ona.

#14 FundiMstaafu

Marahaba. Nimeuliza hiyo amri, haikurudisha chochote. Basi nitaweka Debian 12 iwe ya kusikilizia redio. Kuitupa siwezi, tumetoka mbali.

#15 Mchanja_Mbuga

Na kompyuta za mezani zenye kadi ya NVIDIA? Kuna moja naitamani, ina GeForce ya mfululizo wa 500.

#16 Bisibisi

Kadi kuukuu za NVIDIA ni hesabu ya miaka, siyo ya nguvu. Draiva yao wenyewe imekatwa kwa matawi. Tawi la 340, la kadi za kuanzia GeForce 8, liliachwa mwisho wa 2019. Tawi la 390, ambamo mfululizo wa 400 na 500 umo, liliachwa mwisho wa 2022. Likishaachwa, kerneli mpya ikitoka hakuna wa kulirekebisha, siku moja unasasisha mfumo, unawasha, unakuta skrini nyeusi.

Njia iliyobaki ni nouveau, draiva huru iliyotengenezwa na watu kwa kupapasa wenyewe. Kwa madirisha na video za kawaida inatosha. Kwa michezo usitegemee, kadi nyingi inaziendesha kwa mwendo ule wa chini ziliowakia.

Radeon (kadi za AMD) za umri huohuo ziko salama zaidi, draiva yake imo ndani ya kerneli na haijaondoka. Kama mashine ina grafiki ya Intel ndani ya prosesa, mimi hutoa kadi ya NVIDIA kabisa na kuchomeka skrini kwenye bodi. Kelele ya feni nayo inapungua.

#17 Nyuzi90

Nimerudi kutoka kwa jamaa na roho iko mkononi. BIOS haina nenosiri, kibodi nzima, kamera inafanya kazi, mfuniko imelala na kuamka mara tatu zote. Halafu WiFi IMEGOMA. Haionyeshi mtandao hata mmoja wakati simu yangu inaona saba. Kumbe yule aliyesema ameirudisha alikuwa mkweli.

Picha niliyopiga nimeinakili hapa:

`00:02.0 VGA compatible controller [0300]: Intel Corporation 2nd Generation Core Processor Family Integrated Graphics Controller [8086:0126]`
`Kernel driver in use: i915`

`03:00.0 Network controller [0280]: Intel Corporation Centrino Advanced-N 6205 [8086:0085]`
`Kernel modules: iwlwifi`

Nikaandika na `sudo dmesg | grep iwlwifi` kama nilivyosoma mahali, ikatoa mistari kadhaa, mmojawapo:

`iwlwifi 0000:03:00.0: firmware: failed to load iwlwifi-6000g2a-6.ucode (-2)`

Nimemwambia jamaa nitamjibu kesho. Niiache?

#18 DadaTerminal

Usiiache. Soma tena ulichobandika, pole pole.

Grafiki ina "driver in use". WiFi haina, ina "Kernel modules" tu. Bisibisi alisema hapo juu: draiva anamjua kifaa ila kuna kitu kimemkwamisha. Kilichomkwamisha kimeandikwa kwenye mstari wako wa mwisho. Namba -2 ni lugha ya kerneli ya kusema "faili halipo". iwlwifi ameikuta kadi, ameitambua, ameomba lile faili la famweya ili aipakie, akaambiwa halipo kwenye flashi, akaachia.

Umetumia flashi ya nini? Nabashiri Debian 11 au ya nyuma yake.

#19 Nyuzi90

Debian 11! Ilikuwa flashi ya zamani ya binamu yangu. Umejuaje?

#20 DadaTerminal

Mpaka Debian 11, ya mwaka 2021, mafaili rasmi ya kawaida ya kutengenezea flashi hayakubeba famweya zisizo huru. Wenyewe walipiga kura 2022 wakabadili msimamo, na kuanzia Debian 12 ya Juni 2023 famweya zimo. Kadi yako haina kosa. Tengeneza flashi mpya, rudi kesho.

Na huyo aliyeirudisha ya kwake, sitashangaa kama alikwama hapohapo.

#21 Asiyeamini

Nakiri hii imenigusa. Nina kadi mbili kwenye droo nilizoziita mbovu. Naenda kuzitazama.

Ila Nyuzi90, kama ungetaka kubadilisha kadi ya WiFi, angalia kwanza. Baadhi ya laptopu za kiofisi BIOS yake ina orodha ya kadi inazozikubali. Ukiweka nyingine inakataa kuwaka mpaka uitoe. Hapo hata Linux yote duniani haikusaidii.

#22 Nyuzi90

Wakuu, flashi ya Debian 12: WiFi imeona mitandao tisa. Simu iliona saba tu!

Lakini sasa diski. SMART inasema Power-On Hours 31,020, Reallocated 8, Pending 24. Na betri nimeichungulia kwenye `/sys/class/power_supply/BAT0`: energy_full 27100000, energy_full_design 62160000. Hii maana yake nini kwa hela yangu?

#23 Bisibisi

Gawa 31,020 kwa 24: siku 1,292, zaidi ya miaka mitatu na nusu ya kuzunguka bila kusimama. Hayo peke yake siyo dhambi. Pending 24 ndiyo mbaya: ni vipande 24 ambavyo diski imeshindwa kuvisoma na inasubiri kuona kama itaviokoa au itavihamisha. Usiweke kitu chako humo hata siku moja. Ila diski ulikuwa uibadilishe hata hivyo, mashine ya umri huu bila SSD ni kama kunywa uji kwa uma.

Betri: 27.1 gawa kwa 62.16, imebaki kama asilimia 44 ya uwezo wake wa kiwandani. Siyo imekufa, imezeeka.

Mpelekee jamaa picha za vyote viwili bila ugomvi. Mwambie diski unaihesabu sifuri. Akijua unasoma namba, mazungumzo ya bei yanakuwa mafupi.

#24 Asiyeamini

Na video. Prosesa hiyo ina kifaa cha kufungua video za mtindo wa H.264, haina cha VP9 wala AV1, mitindo mipya zaidi. YouTube ikikuletea VP9, prosesa inafanya kwa nguvu, feni inapiga kelele, joto linapanda. Weka kiongezi cha h264ify kwenye kivinjari, kinailazimisha YouTube ilete H.264. Watu wanasema "Linux inachemsha laptopu yangu" kumbe ni hilo.

Jambo jingine: i5 hiyo haina AVX2 (amri za hesabu za prosesa mpya zaidi), kwa hiyo mifumo inayodai kiwango cha x86-64-v3, mfano Red Hat Enterprise Linux 10, haitawaka humo. Debian na Mint hazina masharti hayo.

#25 Nyuzi90

Mrejesho. Bei ilishuka kuliko nilivyothubutu kuomba, jamaa alipoona ile 24 alikaa kimya kidogo akasema "basi toa unachoona sawa". Nimeweka SSD, nimeongeza RAM ikawa 8 GB. Tangu nibonyeze kitufe mpaka eneokazi sijamaliza hata kuvuta kiti. h264ify imefanya feni inyamaze kweli.

Kitu kimoja tu hakikujibu: kisoma alama za vidole. Na kabla hamjaniuliza namba: `147e:2016`. Nimeipekua mwenyewe kwenye orodha ya vifaa vya libfprint (programu ya Linux ya kusoma alama za vidole), imo. Nimesakinisha fprintd na libpam-fprintd, nimeandika `fprintd-enroll`, nakwaruza kidole inasema nirudie, nakwaruza tena inasema nirudie. Huu ni uchakavu au nakosea?

#26 DadaTerminal

Hicho ni cha kuburuta, siyo cha kubonyeza. Anza kwenye kiungo cha kidole, shuka taratibu kwa mwendo mmoja bila kusimama. Na pangusa kioo chake kwanza, kina mafuta ya vidole vya watu wa miaka yote hiyo.

#27 Nyuzi90

Imekubali.